Mtoto analia nikishika kitana: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni Mjerumani, naishi Moshi na mume wangu kwa miaka kadhaa sasa. Tumemuasili binti mwenye miaka minne. Nywele zake ni kipilipili, nene na nyingi. Nikianza kumchana analia mpaka jirani anachungulia dirishani. Nilimpeleka saluni, wakamsuka vizuri sana kwa macho, lakini usiku hakulala kwa maumivu. Soko la Mbuyuni kina mama wananiambia mtoto hajasukwa, na wengine wananishauri nimnyoe tu yaishe. Juzi ameniuliza kwa nini nywele zake hazianguki mabegani kama zangu. Je, nijifunze kusuka mwenyewe au nimwachie msusi? Na mwakani anaanza shule.

JIBU: Marahaba, mama. Usidhani swali hili ni la wazungu peke yao. Wananiuliza pia akina baba waliobaki na mabinti wadogo nyumbani, na wananiuliza dada zetu waliowekwa dawa ya kunyoosha nywele kichwani tangu wakiwa darasa la tatu, ambao leo wana watoto na hawajawahi kushika kipilipili chao wenyewe. Kwa hiyo uko kwenye foleni ndefu.

Huna haja ya kujua kusuka ili mtoto aache kulia. Kilio hakitokani na kusuka. Kinatokana na nywele kavu kukutana na kitana. Wasusi Moshi tupo kila mtaa, Majengo, Pasua, Kiboriloni, na kusuka unaweza kumlipa mtu akufanyie. Lakini kuosha, kulainisha, kufumua na kuchana ni kazi ya nyumbani, na hiyo ndiyo ujifunze kwanza. Mtoto aliyelainishwa vizuri nyumbani hata msusi mwenye mkono mzito hamuumizi sana.

Uelewe kwanza tofauti ya kichwa chako na chake. Nywele zako za singa zinatoka kwenye ngozi zimenyooka, na mafuta ya ngozi yanateremka mpaka nchani bila kizuizi. Ndiyo maana usipoosha siku mbili tatu zinaanza kung'aa. Za binti yako zinaota kutoka kwenye vishimo vilivyopinda, kila unywele ni bapa kidogo badala ya kuwa mviringo, na unajizungusha tangu unapotoka. Mafuta yanatengenezwa vilevile, ila hayafiki mbali. Ncha zinabaki kavu, na kila mahali unywele unapojipinda ni mahali unapoweza kukatika. Ongeza jua na vumbi la Moshi la Januari na Februari, utaona kwa nini asubuhi unakuta mafundo hata kama ulichana jana.

Kwa hiyo mazoea uliyokua nayo yaweke kando. Kuosha kila siku, kupiga brashi kila asubuhi, kuchana zikiwa kavu, kuanza kuchana juu kushuka chini: kwenye kichwa chako hayo ni mambo ya kawaida, kwake yanakata nywele na kumuumiza. Ukiniuliza nichague moja tu la kuacha leo, nitasema acha kuchana zikiwa kavu.

Sasa siku ya kuosha. Chagua siku moja ya wiki, wengi tunachukua Jumamosi, na uipe nafasi asubuhi nzima. Mlishe kwanza. Mtoto mwenye njaa hasukiki. Mtafutie kigoda chini yako, akae katikati ya magoti yako akiegemea paja, mgongo wako uwe umeshikwa na kiti, maana ukichoka wewe mkono unakuwa mkali bila kujua. Mpe kitu cha kushika. Katuni si dhambi siku hiyo.

Usimwagie maji kichwani nywele zikiwa zimeachiwa zote. Gawa kwanza kwa vidole: pasua katikati kutoka mbele hadi kisogoni, kisha kutoka sikio hadi sikio. Hayo ni mafungu manne. Kwa nywele nene kama unavyozieleza, kila fungu ligawe tena mara mbili. Kila moja lisokote kidogo na ulibane kwa kibanio. Kuanzia hapo unashughulika na fungu moja tu, mengine hayakuhusu. Watu wengi wanaoshindwa wanashindwa hapa, wanapambana na kichwa kizima kwa pamoja.

Fungua fungu moja. Lipulizie maji ya uvuguvugu kwa chupa ya kupulizia, ileile ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi, mpaka nywele ziwe laini mkononi. Kisha paka kondishena, na usibane matumizi: mpaka nywele ziteleze. Pitisha vidole kwanza. Kidole kinahisi fundo kabla hakijalivuta, kitana hakihisi. Ukikuta fundo, shika nywele kwa mkono mwingine hapo juu yake, karibu na ngozi, ubane kabisa, ili mvuto uishie kwenye mkono wako usifike kichwani kwa mtoto. Hili la kushika juu ya fundo ndilo linalobadilisha kilio kuwa mazungumzo. Lifanye kila mara, hata kwa fundo dogo. Halafu lifungue kuanzia chini yake, nywele chache chache.

Vidole vikipita, ndipo uchukue chanuo lenye meno mapana. Anza nchani, sentimita mbili tatu za mwisho tu. Zikipita bila kukwama, panda juu kidogo, shuka nazo mpaka nchani, panda tena. Unafika kwenye ngozi mwisho kabisa. Fungu likiisha, lisokote ulibane, nenda la pili. Mara ya kwanza itachukua muda mrefu na mtachoka wote wawili. Mkichoka katikati, simameni, mle ndizi, mrudi. Hakuna sheria inayosema kichwa kiishe kwa kikao kimoja.

Shampoo inakwenda kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye urefu wa nywele. Tumia ncha za vidole, si kucha, ukipita kwenye mistari kati ya mafungu, na acha povu lishuke lenyewe wakati wa kusuuza. Mara moja kwa wiki inatosha, hata mara moja kwa wiki mbili kama hajacheza sana vumbini. Ukipata isiyo na salfeti, ile kemikali kali ya kutoa povu, ni bora. Ukiikosa, chukua kidogo uizimue kwa maji. Sabuni ya kipande ya kufulia usiiguse. Najua bibi zetu waliitumia na hakuna aliyekufa, lakini inakausha vibaya sana, na wewe unahangaika na ukavu.

Taulo nalo linakwaruza na kufumua. Kausha kwa fulana ya zamani ya pamba, kwa kubonyeza, bila kusugua.

Nywele zikiwa bado na unyevu, paka krimu ya nywele ya kuacha kichwani, kisha mafuta juu yake. Mpangilio huo usiugeuze, maana mafuta hayaleti unyevu, yanaufunga usitoke. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu umefunga ukavu ndani, na hilo ndilo kosa la nusu ya wateja wangu. Mafuta gani? Watu wanabishana sana na mimi sibishani. Ya nazi ni mepesi na yanaingia vizuri. Ya parachichi ni mazuri. Ya nyonyo ni mazito, yapake nchani tu au uyachanganye na mengine. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kichwa cha mtoto wa miaka minne. Usimwage kwenye ngozi ukidhani unamtibu mba; mafuta mengi kwenye ngozi yenye mba mara nyingi yanauzidisha.

Usiku avae kofia ya satini ya kulalia, na kama anaivua, funika mto kwa kitambaa cha satini. Foronya ya pamba inanyonya unyevu na kukwaruza nywele usiku kucha. Pale soko la Memorial kwenye mitumba skafu za satini zinapatikana, huna haja ya kuagiza chochote nje.

Sasa kusuka. Ndiyo, jifunze, lakini kwa hatua. Anza na kusokota: chukua fungu lililochanwa, ligawe mara mbili, zungusha moja juu ya nyingine mpaka nchani. Kipilipili kinajishika chenyewe, nchani hata hakihitaji raba. Kichwa chenye misokoto kumi au kumi na mbili, mistari iliyopasuliwa vizuri, mafuta kidogo, tayari mtoto amependeza, na hakuna mama wa Mbuyuni atakayekuuliza kitu. Kinachoonekana kwa mbali ni mistari. Ikiwa imenyooka, watu wanasamehe mengine yote. Kwa hiyo tafuta kitana chenye mkia mwembamba kwa ajili ya kupasulia njia, na fanya mazoezi ya hiyo njia zaidi ya kitu kingine.

Baadaye nenda kwenye mabutu, halafu twende kilioni, mistari ya kwenda nyuma. Twende kilioni usijifunzie kichwani kwake. Nunua sufu ya kufumia, funga nyuzi nyingi kwenye mgongo wa kiti, jifunze mwendo wa vidole hapo. Unachukua kifungu kidogo, unakigawa mara tatu, unapitisha cha pembeni chini ya cha katikati, kisha cha upande wa pili chini ya cha katikati, na kila unapopitisha unaokota nywele kidogo kutoka kichwani unaziongeza. Mikono ikae karibu na ngozi. Ukiinua mikono juu, msuko unasimama na kuvuta. Vidole vikishazoea, omba msusi unayempenda ukae pembeni yake mchana mmoja siku isiyo na wateja wengi, umlipe muda wake. Wengi watakubali na watakucheka, na utajifunza zaidi ya utakavyojifunza kwa kutazama video.

Kuna uzi pia, ambao vijana wa siku hizi wameusahau. Uzi mweusi wa kusukia unazungushwa kwenye kila fungu kuanzia shinani mpaka nchani. Unanyoosha nywele bila moto, na ukifumua asubuhi unakuta zimerefuka na zinachanika kirahisi. Kwa mtoto ni mzuri kuliko pasi yoyote ya nywele, mradi usikaze shinani.

Ukifumua msuko wa wiki mbili, usishtuke. Zitatoka nywele nyingi kwa pamoja, donge zima mkononi. Kwa kawaida kila mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Zako zinaanguka kwenye mto na kwenye nguo, zake zilikuwa zimeshikwa ndani ya msuko zikisubiri. Na kama unaona hazikui, hesabu upya: nywele huongezeka kama sentimita 1 kwa mwezi, lakini kipilipili kikikauka kinajikunja na kuonekana kifupi mara kadhaa kuliko kilivyo. Vuta unywele mmoja taratibu ukiwa umelowa, utaona urefu wake halisi.

Kuhusu ule usiku asiolala. Hapo mama sina upole. Msuko haupaswi kuuma baada ya mtoto kuinuka kwenye kigoda. Ukiona ngozi ya paji la uso imevutika, au vipele vidogo vimetokea kwenye mashina ya nywele, au mtoto hawezi kulaza kichwa, fumua usiku huohuo, hata kama umelipa, hata kama ni mtindo wa harusi. Usisubiri zilegee. Nywele za mbele na za pembeni zikivutwa mara kwa mara zinanyonyoka, na zikivutwa miaka mingi vishimo vinakufa na hazioti tena. Angalia mapaji ya uso ya watu wazima kwenye daladala, utaona. Na usimpe mtoto panadol ili avumilie mtindo. Nimeona wazazi wengi wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Ukienda saluni, sema kabla hajaanza, kwa heshima lakini waziwazi: dada, huyu ngozi yake ni laini, msuke kwa kulegeza, na nywele za mbele kabisa ziache nje ya msuko. Atakujibu kwamba akilegeza zitafumuka baada ya siku chache. Ni kweli, zitafumuka. Mwambie zifumuke. Kaa hapohapo, usimwache mtoto uende benki. Mtoto akisema anaumia, msusi asimame. Msusi akimgonga mtoto kwa kitana ili atulie, lipa ulichotakiwa kulipa, mchukue mwanao, tafuta mwingine. Mtindo wenyewe usizidi wiki mbili kichwani.

Rasta za kuongeza nywele za bandia bado ni mapema. Zina uzito, na zile za kuchovya ncha kwenye maji ya moto zimeunguza mabega na migongo ya watoto. Dawa ya kulainisha, ile ya kunyoosha nywele kwa kemikali, isimguse kabisa. Makopo yana picha ya msichana mdogo anayecheka, lakini ndani kuna kemikali kali za kuvunja unywele, baadhi zikiwa na sodiamu haidroksaidi, inayoweza kuunguza ngozi. Hata zilizoandikwa kuwa ni za watoto.

Kama anaogelea, lowesha nywele kwa maji safi na upake mafuta kabla hajaingia, zitanywa klorini kidogo. Akitoka, suuza.

Jambo moja ambalo si la msusi ni mapunye. Ukiona duara lenye magamba, nywele zimekatika hapo karibu na ngozi, linawasha, au tezi zimevimba nyuma ya shingo, huo ni ukungu na unaambukizwa kwa kitana na mashine ya kunyolea. Mafuta ya kupaka peke yake hayautibu kwa sababu umeingia ndani ya shina la unywele. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na daktari ndiye anayepima na kuiandika. Uko Moshi, una bahati: hospitali ya KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi cha kanda tangu 1992, madaktari wanatoka nchi nyingi kuja kusoma hapo. Mtu akikushauri mafuta ya taa, mshukuru na usifanye. Mtoto awe na kitana chake.

Kina mama wa sokoni sasa. Najua inachosha kusemwa na kila mtu. Lakini kwetu kichwa cha mtoto kinasomwa na kila anayepita, kichwa kisichoshikwa kinamaanisha mtoto hana mtu, na hao wanaosema wanamwonea huruma yeye zaidi ya kukusuta wewe. Mama wa Kichaga angesemwa hivyohivyo. Jibu fupi linatosha: "Asante mama, tunasuka Jumamosi." Wale wanaonyoosha mkono kumshika nywele bila kuuliza, hao ni jambo jingine, wawe Waafrika au wageni wenzako. Mzuie mtu kwa upole mtoto akiwa anaona. Anajifunza hapo kwamba kichwa ni chake.

Na swali lake la kwa nini haziangukii mabegani. Usimwambie nywele zote ni sawa, ana macho. Mwambie zako zinashuka na zake zinapanda, na kwamba kuna wengi wenye nywele kama zake, kisha mwonyeshe: mwalimu wake, jirani, dada anayeuza maua, mimi. Usimwache akue akiona nywele ndefu za singa peke yake nyumbani, kwenye katuni na kwa wanasesere. Na ukiwa unamchana, usigune. Usimwambie mumeo kwa Kijerumani kwamba kazi ni ngumu leo. Anaelewa sauti hata asipoelewa neno. Hii ndiyo sababu nyingine nakusihi usimwachie msusi kila kitu: asubuhi ile ya Jumamosi, mikono yako ikiwa kichwani kwake bila haraka, inamwambia jambo ambalo saluni haiwezi kumwambia.

Kumnyoa si aibu wala si kushindwa. Watoto wengi hapa wananyolewa, ni safi, na nywele zinarudi. Ila asinyolewe kwa sababu wewe umechoka, halafu akajiona ameadhibiwa. Ikiwa ni kwa ajili ya shule, hilo ni tofauti. Shule nyingi za serikali zinataka wanafunzi wawe na nywele fupi, wasichana kwa wavulana. Baadhi ya shule binafsi zinaruhusu kusuka bila kuongeza nywele za bandia, mara nyingi twende kilioni na hakuna kingine. Muulize mwalimu mkuu sasa, kabla hujalipa ada wala kushona sare. Wakisema fupi, mweleze mtoto wiki kadhaa mapema, mchague pamoja siku, nunueni mashine yenu ya kunyolea ibaki nyumbani, na siku hiyo baba yake anyolewe naye.